Jinsi ya Kuhimiza Upimaji wa Saratani ya Mapafu kwa WhatsApp na Facebook: Mwongozo Kamili kwa Wazungumzaji wa Kiswahili Walioko Marekani

Ujumbe wa WhatsApp hauombi viza. Ukiuandika saa mbili usiku ukiwa Louisville, kabla hujalala umeshafika Kigoma, Uvira na Mombasa, na huko utasomwa na watu ambao kipimo unachokitangaza hakiko karibu nao. Hilo ndilo jambo la kwanza analopaswa kulielewa mtu anayetaka kutumia mitandao ya kijamii kuhimiza upimaji wa saratani ya mapafu, kwa sababu ushauri ulio sahihi kwa mjomba wa miaka 62 anayeishi Kentucky unaweza kumpotosha ndugu yake wa tumbo moja aliyebaki Kigoma.

Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa makundi ya jumuiya, viongozi wa makanisa na misikiti, na vijana ambao wazee wao huwapelekea simu kila zinapogoma. Nimeilenga Marekani kwa sababu huko kipimo kipo, bima nyingi hukilipia, na bado watu wachache sana hukitumia: kati ya wanaostahili kupimwa, waliopimwa hawafiki mmoja katika kila watano. Kentucky imekuwa kwa miaka mingi kinara wa saratani ya mapafu miongoni mwa majimbo ya nchi hiyo, na ndani yake, hasa Louisville, wamo maelfu ya ndugu zetu waliotoka Kongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani.

Hatua ya kwanza: kielewe kipimo kabla hujamwambia mtu

Kipimo chenyewe ni CT skani ya kifua, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mapafu kwa kutumia mionzi kidogo. Mtu hulala chali juu ya kitanda chembamba, huinua mikono juu ya kichwa, kitanda hupita katikati ya mashine yenye umbo la pete kubwa, naye huambiwa abane pumzi kwa sekunde chache. Hakuna sindano, hakuna dawa ya kunywa, wala hahitaji kufunga kula. Mionzi yake ni takriban milisiveti 1.5, yaani karibu nusu ya ile ambayo mwili wa mkazi wa Marekani huipokea kwa mwaka kutoka katika mazingira ya kawaida.

Si kila mtu anayestahili kupimwa. Mwezi Machi 2021, Kikosi Kazi cha Huduma za Kinga cha Marekani, jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa, kilipendekeza kipimo hiki kila mwaka kwa watu wenye umri wa miaka 50 hadi 80 ambao wamevuta sigara kwa kiasi kisichopungua pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, na ambao bado wanavuta au wameacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hulipia mpaka umri wa miaka 77, na kabla ya kipimo cha kwanza hutaka mtu akae na mhudumu wa afya wazungumzie faida na hasara zake. Mwaka 2023 Shirika la Saratani la Marekani liliondoa katika mapendekezo yake sharti la miaka 15 tangu kuacha. Hata hivyo, bima nyingi hufuata Kikosi Kazi, kwa hiyo aliyeacha zamani zaidi na aulize gharama kwanza.

Hesabu ya pakiti huwachanganya watu wetu, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kununua pakiti nzima. Walinunua sigara mojamoja kwenye kibanda, mbili asubuhi na tatu jioni. Wape njia nyepesi: zidisha idadi ya sigara kwa siku kwa idadi ya miaka uliyovuta, na jibu likifika 400 au zaidi, umefikia kiwango. Aliyevuta sigara 10 kwa siku kwa miaka 42 anapata 420, kwa hiyo amefikia. Aliyevuta 5 kwa siku kwa miaka 30 anapata 150, na huyo hajafikia. Ugoro, tumbaku ya kutafuna na moshi wa kuni haviingii katika hesabu hii. Moshi wa jikoni hudhuru mapafu, ndiyo, lakini mama aliyepikia kuni miaka 30 bila kuvuta sigara hatalipiwa kipimo hiki, na kumpa matumaini hayo ni kumwonea.

Faida yake ilithibitishwa na utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu zaidi ya 53,000 na kutoa matokeo mwaka 2011: waliopimwa kwa CT skani walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 20 kuliko waliopigwa eksirei ya kifua. Utafiti uliofanywa Uholanzi na Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2020, ukakuta upungufu wa asilimia 24 kwa wanaume baada ya miaka 10. Lakini zijue pia hasara, maana usipozisema wewe atazisema mwingine kwa kuzikuza. Katika utafiti ule wa Marekani, karibu robo ya vipimo vilionyesha kitu cha kutiliwa shaka, na zaidi ya asilimia 95 ya hivyo havikuwa saratani. Ili kuokoa maisha ya mtu mmoja, ilibidi wapimwe watu wapatao 320.

Kuna mambo mawili ambayo hutayakuta katika vipeperushi vya hospitali, nayo yanatuhusu sisi hasa. La kwanza ni eksirei ya uhamiaji. Wakimbizi na wahamiaji wengi walipigwa eksirei ya kifua kabla ya kupanda ndege, na ukiwagusia habari ya mapafu watakujibu kwamba wao walishapimwa wakaambiwa ni wazima. Waeleze kwa upole kwamba ile ilikuwa inatafuta kifua kikuu, na kwamba eksirei imejaribiwa katika kupima saratani ya mapafu kwa watu wasio na dalili ikaonekana haipunguzi vifo. La pili ni makovu. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu anaweza kubaki na makovu au vinundu (vivimbe vidogo) ambavyo kwenye CT skani hufanana na mwanzo wa saratani, kwa hiyo ni muhimu amweleze daktari historia hiyo mapema, na kama anazo picha za zamani azipeleke, ili asije akapitishwa katika vipimo vizito bure.

Hatua ya pili: ipite njia mwenyewe kwanza

Usimwelekeze mtu katika mlango ambao hujaubisha. Kabla ya kuandika neno lolote, pigia simu kliniki mbili au tatu za eneo lenu, uulize mambo haya: je, wanatoa kipimo hiki au wanampeleka mtu kwingine, je, asiye na bima hulipa kiasi gani, na je, wana mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na mara nyingi mkalimani huyo hupatikana kwa simu. Mzee asiyejua Kiingereza anaweza kutaja jina lake, aseme neno "Swahili", kisha asubiri. Bima nyingi za binafsi zinatakiwa kulipia kipimo hiki bila kumdai mhusika chochote, lakini vipimo vinavyofuata, endapo kinundu kitaonekana, vinaweza kuleta bili. Liseme hilo wazi tangu mwanzo, kwa maana bili moja iliyomfikia mtu bila kutarajiwa itavunja kazi yako ya mwaka mzima.

Hatua ya tatu: chagua pa kusemea

Kundi la WhatsApp la jumuiya ni mahali pa kutangazia, lakini si mahali pa kuhojiana. Kama inawezekana, tumia kundi la matangazo ambamo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Usiweke kamwe kura ya maoni inayouliza nani anavuta sigara, kwani kura za WhatsApp huonyesha majina ya waliopiga, na mama mmoja anayevuta kwa siri akiibonyeza kwa bahati mbaya utakuwa umemwaibisha mbele ya mashemeji. Wanawake wavutaji wapo, tena si wachache kama tunavyojidai, na wengi wao hawatajitokeza hadharani hata kidogo.

Orodha ya kutuma kwa wengi kwa mpigo inafaa zaidi: kila mtu huupokea ujumbe kama umeandikiwa yeye peke yake, na akijibu, jibu linakuja kwako tu. Inapokea watu 256, lakini ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kwanza waombe watu waihifadhi. Statasi hudumu saa 24 na ni nzuri kwa kukumbusha, si kwa kueleza.

Facebook inafaa kwa wale wasiomo kwenye makundi. Ukilipia tangazo, lielekeze kwa umri na eneo, yaani watu wa miaka 50 na kuendelea katika mji wenu. Zamani mtangazaji aliweza kuwachagua watu kwa kigezo kwamba wanafuatilia habari za saratani ya mapafu; kampuni ya Meta iliondoa vigezo vya aina hiyo kuanzia Januari 2022, na mimi naona ilifanya vyema. Kuhusu TikTok, vijana wataiona video, wazee hawataiona. Itumie tu kama lengo lako ni kijana amwonyeshe baba yake.

Muda nao una maana. Wengi wa watu wetu hufanya kazi za zamu katika maghala na viwanda, hivyo ujumbe wa Jumatano mchana utazikwa chini ya salamu na picha za harusi. Jumapili jioni ni bora, kwa sababu kesho yake kliniki ziko wazi. Novemba ndio mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya mapafu, na 31 Mei ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani. Kwa Waislamu, Ramadhani ni fursa ya pekee: mtu aliyekaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi ameshajionyesha mwenyewe kwamba anaweza. Lakini kama kuna msiba katika jumuiya, na hasa kama marehemu aliondoka kwa ugonjwa huu, nyamaza mpaka arobaini ipite.

Hatua ya nne: andika ujumbe

Huu hapa ujumbe ambao unaweza kuuchukua na kuubadilisha:

"Kwa ndugu zetu walioko MAREKANI tu, wenye miaka 50 hadi 80, wanaovuta sigara au walioacha ndani ya miaka 15. Kuna kipimo cha kila mwaka kinachoweza kugundua kansa (saratani) ya mapafu kabla haijaleta dalili. Hakina sindano. Zidisha sigara ulizovuta kwa siku kwa miaka uliyovuta. Ukipata 400 au zaidi, nijibu neno moja tu, NDIYO, kwa namba yangu binafsi, usijibu hapa kundini. Nitakueleza pa kwenda na gharama. Kama unakohoa damu au unapungua uzito bila sababu, usisubiri kipimo hiki. Nenda kwa daktari wiki hii. Kwa walioko nyumbani Afrika: ujumbe wenu unafuata."

Mstari wa kwanza unataja nchi kwa herufi kubwa kwa sababu niliyoieleza mwanzoni, tena unaitaja mwanzoni kabisa kwa kuwa WhatsApp hukata ujumbe mrefu, na wengi hawabonyezi kusoma uliobaki. "Kansa" imetangulia "saratani" kwa sababu katika kundi lenye Wakongo, Wakenya na Watanzania, neno la kwanza hueleweka na wote, na la pili si kila mtu amekua nalo. Neno "sigara" limetajwa bila lawama yoyote. Usiandike "ninyi mliojiharibia mapafu", wala usiweke picha ya pafu jeusi. Mvutaji ameshaziona picha hizo mara nyingi, na amejifunza kutazama upande wa pili. Picha ya mashine ile yenye umbo la pete inasaidia zaidi, kwani watu wengi huogopa kufungiwa ndani ya bomba, na picha inawaonyesha kwamba iko wazi pande zote mbili. Aya ya dalili ni ya lazima: kipimo hiki ni cha wasio na dalili, na mwenye dalili hapaswi kuwekwa kwenye foleni hiyo.

Ujumbe wa pili, ule wa walioko nyumbani, utume papo hapo bila kuchelewa. Tanzania na Kenya hazina mpango wa taifa wa kuwapima kila mwaka kwa CT skani wavutaji wasio na dalili, kwa hiyo usimtume mzee auze mbuzi akatafute skani mjini. Mwambie hivi: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, makohozi yenye damu, au kukonda bila sababu ni cha kupelekwa kituo cha afya, na kwa kawaida wataanza na kipimo cha kifua kikuu. Wakikikuta, atibiwe mpaka mwisho wa dozi. Wasipokikuta, au akitumia dawa na bado anakohoa na kukonda, asikubali kurudishwa nyumbani bila maelezo. Aombe kuchunguzwa zaidi na kupewa rufaa. Saratani nyingi za mapafu katika nchi zetu hupoteza miezi zikidhaniwa kuwa kifua kikuu. Kwa Tanzania, matibabu ya saratani yanajulikana kupatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, lakini njia ya kufika huko huanzia kituo cha karibu.

Hatua ya tano: upe sauti

Wazee wengi husikiliza kuliko wanavyosoma. Rekodi ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja na nusu, kwa Kiswahili cha watu wako: kama kundi ni la Wakongo, mtafute Mkongo arekodi, maana lafudhi ya Unguja katika masikio ya mtu wa Bukavu ni kama taarifa ya habari. Mrekodi anayefaa kuliko wote ni mtu aliyekwisha kupimwa, akieleza kilichotokea tangu alipoegesha gari mpaka alipotoka. Mpe muda alale na wazo hilo, kisha umwombe kibali kwa maandishi, naye aambiwe kwamba sauti ikishatoka hairudi.

Hatua ya sita: mazungumzo ya faragha, ambamo kazi yote imo

Tangazo hufungua mlango tu. Mtu huenda kupimwa kwa sababu mtu anayemheshimu amemshika mkono, na hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Mazungumzo huwa kama hivi:

"Shikamoo mjomba."
"Marahaba mpwa wangu. Nimeuona ule ujumbe. Hesabu yangu imefika mia nne na ushee."
"Asante kwa kuniambia. Hayo yanabaki kwangu. Bado unavuta?"
"Nimeacha, huu mwaka wa tisa. Sasa nikipimwa wakikuta kitu? Si bora nisijue?"
"Wakikuta kitu mapema, kuna mengi wanayoweza kufanya. Na mara nyingi wanachokiona si kansa, ni doa la kurudi kuangaliwa. Kesho nikupigie saa ngapi tuongee na kliniki pamoja?"
"Natoka kazini saa nane. Piga saa tisa."

Angalia kwamba mpwa hakumaliza kwa "fikiria, utaniambia". Alimaliza kwa saa. Na saa hiyo ina mtego wake: miadi ya kliniki ya "9:00" asubuhi ni saa tatu kwa Kiswahili, na mtu aliyeambiwa "saa tisa" atafika alasiri akute amefutwa kwenye orodha. Mwandikie miadi kwa tarakimu kama zilivyo kwenye barua ya kliniki, pamoja na asubuhi au alasiri, na umkumbushe jana yake.

Kama bado anavuta, mtajie namba ya bure ya msaada wa kuacha sigara, 1-800-QUIT-NOW, lakini usiifanye kuwa sharti la kupimwa. Mtu anayehisi kwamba lazima aache kwanza ndipo apimwe hatafanya lolote kati ya hayo mawili.

Hatua ya saba: kuwajibu watakaopinga

Ndani ya saa moja atatokea wa kusema mapafu husafishwa kwa tangawizi na mwarobaini, na mwingine wa kusema hospitali zinatafuta pesa. Usiwatoe kundini, wala usishindane nao kwa maneno ishirini kila mmoja. Jibu mara moja, kwa ufupi na kwa adabu: "Kaka, tangawizi tunainywa sote, ila haionyeshi kilichomo ndani ya pafu. Kipimo hiki kinaonyesha. Mwenye swali anipigie." Basi, nyamaza. Kwa yule wa pesa, anayo hoja kidogo, na ndiyo maana ulipiga simu kuuliza gharama katika hatua ya pili. Mpe majibu uliyopewa. Atakayesema "aliyevuta amejitakia" huyo asiachwe bila kujibiwa, kwa sababu wavutaji wanasoma kimya na wanasubiri kuona utasimama upande gani.

Hatua ya nane: hesabu kilicho cha kuhesabiwa, na uweke tarehe ya mwaka ujao

Idadi ya walioupenda ujumbe haikuelezi kitu. Chukua daftari, si faili la mtandaoni, uandike safu tano: waliojibu, waliofikia 400, waliopiga simu kliniki, waliopimwa, na waliorudi mwaka uliofuata. Tumia herufi au alama badala ya majina. Ukiona wengi wamepiga simu lakini wachache wamepimwa, tatizo haliko kwenye ujumbe wako. Ni usafiri, ni zamu za kazi, au ni mkalimani, na hapo kinachohitajika ni mtu mwenye gari siku ya Alhamisi.

Majibu yakitoka, mhusika asikuambie kama hataki. Akikuambia kwamba wameona kinundu na wanamtaka arudi baada ya miezi sita, mweleze kwamba huo ni utaratibu wa kawaida wa kuangalia kama kinakua au kimetulia, kisha andika tarehe hiyo katika simu yako na katika simu yake mkiwa mmekaa pamoja. Aliyeonekana hana kitu naye ana tarehe yake, miezi 12 mbele, na huyo ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi, kwa sababu ameshashukuru, ameshasimulia nyumbani, na hakuna anayemuuliza tena.